Balbu ya Injinia Chumbani kwa Mama Mkwe

Mshauri wetu, shikamoo. Nimekwama, na jambo lenyewe siwezi kumweleza ndugu wala padri, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mimi nauza chaja na kava za simu hapa Katoro, na mwaka huu niliona video ya jamaa anatengeneza balbu za LED nyumbani, nikasema hili ni langu, nikaanza kuokota balbu zilizokufa, nikatoa vile vitaa vidogo vya ndani vilivyo hai bado, nikavichomelea kwa risasi ya kulehemu juu ya kifuniko cha kopo la maziwa ya unga ili bati linyonye joto, nikafunga waya, ikawaka mshauri, ikawaka kuliko za dukani, mtaa mzima ukaanza kuniita Injinia na mimi sikukataa.

Basi moja nikaipeleka Ushirombo kwa wakwe zangu, na shemeji yangu Boaz akaifunga chumbani kwa mama yake, juu ya sanamu ya Bikira Maria, ikining'inia chini kiasi cha kufikiwa kwa mkono, na mama mkwe akanipigia simu akilia kwa furaha, "Ng'wanawane, mwanangu, wenzangu mabinti zao wameolewa na wachimbaji, wanaletewa vumbi, mimi nimeletewa mwanga!" na sasa akina mama wa jumuiya wanapelekwa chumbani kuitazama, na yeye anaifuta kwa kitambaa kibichi kila Jumamosi ili ing'ae.

Tatizo ni kwamba juzi mke wangu Violeth alifuta ya kwetu vilevile, ikamrusha kutoka kwenye stuli hadi kwenye gunia la mkaa, na nilipogusisha testa ya umeme kwenye lile bati ikawaka, nikajua zote nilizotengeneza bati lake lina umeme, za hapa nikazing'oa na Violeth nikamwambia ni hizo za kwetu tu zenye kasoro, asimsimulie mtu. Ile ya Ushirombo siwezi kuing'oa, kwa sababu kwetu Wasukuma mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe, na nikisema ukweli Uinjinia umekwisha. Nimejaribu kumwambia mama kwamba balbu inatakiwa sevisi, akanijibu, "Kinachowaka unakipeleka sevisi ya nini?" Nimewaza hata kumlipa mtu aivunje kwa manati kupitia dirishani. Naomba unitungie uongo mmoja mzuri, wa heshima, balbu itoke na jina langu libaki. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Injinia, Katoro

JIBU

Marahaba, Injinia. Nakuonea huruma kidogo, kwa kuwa balbu inayowaka humlevya aliyeitengeneza kwa mikono yake, na kujaribu si kosa. Kosa lilianza pale testa ilipowaka ukafunga mdomo. Uling'oa balbu za nyumbani kwako, ukaiacha ile inayofutwa na mama wa watu, halafu ukakaa kuniandikia insha. Mila unayoisingizia inakukataza kuingia chumbani. Haikukatazi kupiga simu. Boaz aliyeifunga angeweza kuifungua.

Siri za wasomaji nazitunza, ila siri yenye umeme sikuweza kuisubirisha hadi gazeti lichapwe. Nilipiga namba yako siku ileile barua ilipofika. Simu ulikuwa umeiacha nyumbani ikichaji, akapokea Violeth. Nilipomaliza kumsomea aliuliza, "Kumbe mimi nilikuwa majaribio?" Akampigia kaka yake. Boaz akazima swichi kubwa ya nyumba, si ile ya ukutani tu, akaifungua balbu. Mama mkwe wako ni mzima; bahati yake huwa anazima swichi ya ukutani kabla ya kuifuta. Violeth hajakwambia, na ameomba nikwambie mimi hapa gazetini, ili nawe uonje kuwa wa mwisho kujua jambo la nyumbani kwako.

Kwa hiyo uongo uliouagiza hauhitajiki tena. Kama kuna mtu mwingine yeyote uliyempa balbu, mfuate leo, uzime umeme kwanza, uichukue. Usitengeneze nyingine hadi fundi umeme aliyesomea kazi akuonyeshe namna ya kutenganisha bati na waya na kulifunika lisiguswe. Nunua balbu dukani kama watu wengine, upande gari la Ushirombo.

Mama mkwe amewaita akina mama wa jumuiya, wale waliopelekwa kuitazama, waje wasikie kutoka kwako. Maneno yake, kama Violeth alivyonipa, ni haya: "Aje. Umeme nimemsamehe. Kunyamaza bado hatujazungumza." Atakuwa amekaa uani. Msalimie, usimame mbali kama mila yenu inavyotaka, kisha useme tu, "Mama, nilijua ni hatari na sikukwambia." Maelezo ya waya na vitaa yaache Katoro.