Nadezhda, Jina la Mjukuu Wangu

Akalla, ughaibuni, Jumanne, Februari

"Jina la wakomunisti haliombewi hapa." Hayo kayasema Mzee Fariji, kiongozi wetu wa maombi, mbele ya kina mama wote. Uongo! Waslavi, mababu wa Warusi na Wabulgaria, walipobatizwa, karne nyingi kabla ya ukomunisti, walilikuta jina la Kigiriki la shahidi wa imani, lenye maana ya tumaini. Wakalitafsiri kwa lugha yao: Nadezhda. Ndivyo sisi wa Bukavu tunavyowaita mabinti zetu Tumaini.

Nilimwambia. Akacheka: "Mama Riziki, vitabu vimekuzidi! Mpeni mtoto jina la nyanya yake, tutaomba."

Amepewa la nyanya yake! Mkwe wangu Mbulgaria amempa la marehemu mama yake, sawa na desturi yetu.

Mjukuu wangu yuko ndani ya mashine hospitalini, hajafika hata kilo moja. Leo daktari hakunitazama machoni. Sijui kama...

Naogopa. Nabishana na Mzee kwa sababu siwezi kubishana na mapafu ya mtoto.

Kina mama wa maombi, kesho msimngoje Mzee Fariji. Pigeni magoti, mtajeni Nadezhda. Mtajeni angali anapumua.