Mbio za Isihaka, Mwendo wa Mwanahawa

Kasulu, 12 Januari 2025

Dada Mwanahawa,

Asalaam alaykum. Mwakeye? Sisi wazima, na dukani vitenge vinatoka. Magoti yako vipi huko Kibondo?

Dada, nimepimwa. Presha iko juu na kitambi kimenitangulia. Daktari kasema nisipojiweka sawa, Aprili hanisainii fomu ya Hija. Usihofu! Mwalimu Tamimu, yule wa michezo, kanionyesha njia: dakika moja nakimbia kama nafukuzwa na mbwa, dakika mbili natembea, halafu tena. Dakika ishirini tu, jasho chapachapa, nafungua duka. Wewe endelea na mwendo wako wa konokono, lisaa lizima.

Mdogo wako,
Isihaka

Kibondo, 19 Januari

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Magoti hayana neno, na usiyaulizie kama ya bibi kizee.

Kila nikishaswali alfajiri nashika njia ya Murungu, saa nzima bila kusimama. Kasi ni ileile: naweza kusalimiana na wanaokwenda shamba, ila kuimba siwezi. Muuguzi anasema ndiyo inayotakiwa, na presha yangu imeshuka. Sasa wewe uliyekaa kwenye kiti miaka ishirini unaanza na mbio za mbwa! Daktari anajua?

Isihaka, mimi bila maharimu wa kunisindikiza siendi, na tangu mume wangu afariki maharimu niliyebaki naye ni wewe. Safari hii nimeingoja miaka tisa. Ukianguka wewe, nimeanguka mimi. Haraka haraka haina baraka.

Dada yako,
Mwanahawa

Kasulu, 26 Januari

Dada,

Salaam nyingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo! Tayari suruali zinanivuka.

Isihaka

Kasulu, 20 Machi

Dada yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Ramadhani inakwendaje? Najua nimenyamaza, na sababu ni aibu.

Nilianguka. Nilitaka Aprili inikute mwepesi, nikakimbia saa kumi na moja jioni huku nimefunga. Kipande cha saba sikukimaliza. Nilizinduka Swaumu, mke wangu, ananipepea kwa kanga, na majirani wote wamejaa. Daktari kanigombeza! Kasema mbio za vipande hazina kosa, hata zinaokoa muda. Kosa ni langu: sikumuuliza, sikuanza kidogo kidogo, nikakimbia na kiu. Kaniamuru wiki tatu za mwendo kama wako, baada ya futari, kisha vipande vya nusu dakika tu, polepole.

Nisamehe. Naogopa kukukosesha Hija.

Isihaka

Kibondo, 25 Machi

Isihaka,

Unaendeleaje leo? Kizunguzungu kimekwisha? Sikufichi, nililia. Halafu nikakuwaza umelala chini na majirani wamekuzunguka, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Futuru, pumzika, tembea. Hicho kipimo utakipita, nakujua ulivyo mbishi. Na nikwambie siri: pale kwenye mwinuko nimeanza kuharakisha hatua mia, kisha narudi kwenye mwendo wangu. Inanifaa. Ole wako uitangaze mjini!

Dada yako

Kasulu, 24 Aprili

Dada,

Asalaam alaykum, umeamkaje? Daktari kasaini! Kapima mara mbili, hakuamini. Presha imetulia.

Jana kwenye semina ya mahujaji sheikh katufundisha: kati ya vilima vya Swafaa na Marwa kule Makka, penye taa za kijani, wanaume tunakimbia kipande, kisha tunatembea. Nyinyi wanawake mnatembea mwanzo mwisho. Umesikia? Nilicheka peke yangu msikitini. Kila mtu na mazoezi yake! Nikitangulia, nitasimama nikungoje.

Isihaka

Kibondo, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Alhamdulillahi, nimesujudu palepale jikoni.

Ila usijigambe. Aliyekimbia pale wa kwanza ni mwanamke, Bi Hajara, akimtafutia mwanawe maji. Hakuwa na mtu wa kumngoja mbele. Mimi ninaye.

Barua hii usiijibu. Njoo unichukue.

Dada yako,
Mwanahawa