Ratiba ya Umeme Imeniumbua

Mama Zuhura,

Baridi ya Makambako inawatendeaje? Huku milimani Njombe situlii, nazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Niliipangia misheni ninakotengeneza umeme mashine ya kusaga ifanye kazi asubuhi kwa umeme wa maji ya mto, jenereta ipumzike, maana dizeli siku hizi kila muuzaji na bei yake. Asubuhi hakuja mtu. Jioni wanawake wakajaa na mahindi, umeme wa maji haukutosha mashine na taa za wodi za hospitali ya misheni, tukawasha jenereta. Mpishi wa misheni akanipa kiazi cha moto, akacheka: "Fundi, asubuhi sisi tuko shambani. Ulipopanga, ulimuuliza nani?"

Nikakukumbuka, ninavyokupangia siku nzima kabla hujaamka. Nikirudi nitauliza kwanza. Nipakatie Zuhura.

Mumeo