Maharage ya Wema Mbele ya Asidi

Lushoto,
16 Juni 2025

Dada Tabitha mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima zote, na kwa niaba ya ukoo mzima, nakutangazia kwamba siku ya Pentekoste sufuria nzima ya maharage ilimwagiwa kuku huko Shume, nyuma ya nyumba ya mama.

Habari za Songea? Shemeji Valentino mgongo umemwachia? Sisi wazima, ila ukungu. Nguo nilizofua Jumatatu iliyopita bado zinafikiria kukauka.

Sasa hayo maharage. Unajua mama mbolea yake haiweki stoo. Kwa unyevu wa Shume ingeganda kuwa tofali. Anaiweka karibu na mafiga, kwenye kopo la maziwa ya unga. Na magadi ya kulainishia maharage? Kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku hiyo aliyepika ni Wema, mke wa mdogo wetu Kornelio. Mama akaonja, akatema.

"Mkamwana ananipa mbolea! Anataka niote kama karoti?"

"Mama, nimetia magadi."

"Mimi nimelima kabla babako hajaoa. Mbolea naijua kwa ulimi."

Wema aliingia ndani kufunga vitenge vyake arudi kwao Mtae, na Kornelio akasimama mlangoni kama bango la mkutano uliokwisha. Nikamwomba Wema anipe mpaka Jumamosi. Nikachota unga uliobaki kwenye kopo alilotumia, na mbolea kidogo kwenye lile jingine, nikashuka navyo Lushoto.

Mwaka wa kumi na moja huu naosha vyombo vya maabara ya sekondari. Mwalimu wa kemia anafundisha wanafunzi, mimi nasikia bure. Unga usioujua huuulizi jina; unauonjesha hiki na kile, unatazama unavyokasirika. Niliutia asidi, ukatoa povu, na hewa yake ikayachafua maji ya chokaa yakawa kama maziwa. Hiyo ni kaboneti. Mwingine nikaupasha moto na alkali: kungekuwa na amonia ya mbolea, karatasi nyekundu ya litmasi pale mdomoni mwa kichupa ingegeuka buluu. Ikabaki nyekundu. Mbolea niliyoweka pembeni ya kulinganisha iliigeuza kabla sijamaliza kupiga chafya.

Nikachovya waya kwenye unga, nikauweka motoni, mwali ukatoa njano ya sodiamu. Nikafurahi, mpaka nilipojaribu waya mtupu nao ukatoa njano. Nilikuwa nimetoka kula hindi la kuchoma, la chumvi na ndimu, na chumvi nayo ina sodiamu. Nikanawa, nikausafisha waya kwa asidi, nikarudia. Waya mtupu ukanyamaza. Wenye unga ukatoa njano, safari hii ya haki. Sodiamu kaboneti. Magadi, dada, bila shaka yoyote.

Lakini mama haamini karatasi, anaamini pua. Jumamosi nikapanda na chokaa, nikachanganya na mbolea yake kwenye kibakuli, nikatia maji kidogo. Alinusa akaruka.

"Zizi la mbuzi!"

Nikachanganya chokaa na unga wa Wema. Akanusa mara tatu, akitumaini.

"Haunuki kitu," akasema. Akakunja khanga yake pole pole. "Basi ni magadi. Lakini kazidisha."

Kwa mama huo ni msamaha, na Wema ameshaijua lugha hiyo. Akafungua furushi. Jana kapika tena. Mama kaongeza sahani ya pili huku akitazama dirishani. Kornelio ameandika MBOLEA kwenye kopo moja kwa makaa, herufi kubwa kama za kanisani.

Nisalimie Shemeji Valentino, na Jenipher umwambie kemia haiumi. Mama na Wema wanakusalimu, kila mmoja kwa wakati wake. Mungu awafunike huko kama ukungu unavyotufunika sisi, ila kwa joto zaidi.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Anord

N.B. Nilisahau kukuambia: wale kuku waliokula maharage yote siku ile, wote saba wazima, na wawili wanataga.