Kuku Aliyefungwa Mguu Kama Mimi

Dada Zuhura, shikamoo kutoka Chinongwe, Ruangwa. Twiga wa kwenye picha ya kadi hii asikudanganye. Huku nimeona mikorosho, vumbi na kuku mmoja.

Unajua nilikuja kuchukua mizizi ya dawa, ili maabarani tuone kama kweli inaziamsha seli zinazojenga mfupa. Basi nikateleza nikiichimba, nikavunjika kifundo cha mguu. Mwenyeji wangu Bi Somoe, fundi wa kuunga mifupa, hakunipa hata pole. Alinipaka dawa, akanifunga vijiti, kisha akakamata kuku, akamvunja mguu, akampaka dawa ileile na kumfunga vilevile. "Akitembea huyu, na wewe nakufungua."

Nikamweleza kwamba kitaalamu kuku si ushahidi. Sisi tunaotesha seli kwenye kisahani na kuzitazama kwa hadubini.

"Na hizo seli zako zinatembea?" akauliza.



Leo asubuhi mwewe kashuka uani. Mtaalamu mimi, nisiyeamini mambo haya, nikamrukia kwa mguu mmoja, mwiko mkononi, napiga kelele: "Niachie mguu wangu!" Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini.

Kuku mzima. Nimempa jina lako, maana nyote mnanuna chakula kikichelewa. Wabusu watoto. Na ukisali, mimi niombee kidogo tu. Dua kubwa iende kwa kuku.

Mdogo wako mkaidi,
Mwanahamisi