Nyumba Iliyoangukiwa na Kura

Nyumbani kwetu, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi yangu na watoto hawajambo? Kile kifua cha baridi kimepoa? Mimi Mungu ananishika mkono. Magoti tu ndiyo yananinung'unikia nikikaa sana kwenye cherehani.

Mwezi huu nyumba yetu iliangukiwa na kura. Usishtuke, si bahati nasibu! Alikuja mdadisi wa takwimu, mtu wa adabu, viatu vimejaa vumbi. Wanataka kujua katika kila nyumba mia, ngapi zina mtu mmoja tu. Jirani yetu Mama Maneno, unavyomjua, akamdaka mlangoni: "Niulize mimi, kaka! Kwangu watu wamejaa, huyo utamhesabu nini?" Akajibiwa kwamba nyumba iliyochaguliwa haibadilishwi; wakikimbilia zenye watu, sisi wa mmojammoja hatutaonekana.

Mdadisi aliponiuliza tunaishi wangapi, nikasema wawili. Kitanda chako si kipo? Chumba si nakifagia? Akaniuliza kwa upole ulilala hapa lini mara ya mwisho. Nikamwambia ni miaka sasa. Aliyeondoka zaidi ya miezi sita, akasema, hahesabiwi.

Nikamwomba akuache tu, mtu mmoja ataharibu nini? Akacheka. Akanieleza kuwa ni kama kuonja mchuzi: ukishakoroga vizuri, kijiko kimoja kinakupa habari za sufuria nzima. Nyumba yetu inazisemea nyumba kama mia mbili za mji huu. Basi nikaona nikikuweka wewe, nimezipa nyumba mia mbili mtu asiyekuwapo. Mungu hapendi uongo mmoja, sembuse mia mbili. Nikamwambia, andika mmoja.

Tangu siku hiyo, nikifunga mlango jioni, nawaombea hao wengine nisiowajua, wanaofunga milango yao kama mimi.

Sasa neno lenyewe. Muuguzi wa zahanati anakitaka chumba chako. Ni mtu mzima, mpole, naye hana mtu. Siku zote namwambia kina mwenyewe. Mdogo wangu, damu haihesabiwi kwa miezi. Ukisema unarudi, nitangoja. Ila usinijibu "tutaona". Hiyo nimeila miaka yote na haishibishi.

Msalimie sana wifi, na Kidoti mpe busu la shangazi yake. Mungu akufunike kwa mkono wake, akulinde uingiapo na utokapo.

Kitanda nimekitandika tena leo asubuhi. Niambie nimemtandikia nani.

Wako akupendaye, asiyechoka kukungoja,
Dada yako.