Mstari Kwenye Picha Nne

Jumatatu, 4 Machi
Fizikia, Kidato cha Tatu. Kisha chumba cha kompyuta. Picha mpya zimefika kutoka kwenye darubini ya ng'ambo: nne za kipande kilekile cha anga, zimepishana dakika chache. Unazipitisha moja baada ya nyingine. Nyota zinatulia. Kinachosogea ni asteroidi, mwamba unaolizunguka Jua. Ikiwa ni mpya, na darubini nyingine ikaiona tena, ugunduzi unaandikwa kwa jina la shule yetu. Leo hakuna. Mwalimu Ng'wandu, mwenzangu wa hesabu, ameona vumbi la kamera akalishangilia. Mwaka wa pili huu tunaambulia vumbi.

Jumanne, 5 Machi
Ng'wandu yuko msibani Ushirombo. Nimekaa peke yangu. Katika picha za leo, si nukta: mstari mfupi. Picha inayofuata umeruka mbali. Nimelinganisha na zinazojulikana. Haumo. Kinachokimbia hivyo kiko karibu na Dunia.

Sikuwatumia wenye darubini vipimo. Nimezima kompyuta, nimefunga mlango, ufunguo nimeutia kwenye sidiria.

Jumatano, 6 Machi
Nimeolewa na mchimbaji. Duara, shimo lake la kuchimbia, likianza kutema dhahabu, Baba Neema hasemi, hata kwangu. Anafunika mwamba kwa magunia, anarudi nyumbani amenuna kama aliyekosa, mpaka ahakikishe. Akiropoka, kesho anakuta Masumbwe nzima iko shimoni. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Nimepima mstari upya, kisha tena. Ng'wandu amerudi, ameuliza kama kuna jipya. Nimesema hakuna, bila kupepesa macho. Nataka uwe wangu kwanza.

Alhamisi, 7 Machi
Umeme umekatika asubuhi. Umerudi mchana, nimetuma vipimo. Nimemwambia Ng'wandu. Amenishika mikono yote miwili. Kisha ameangalia tarehe ya picha.
"Madam, ulikuwa unasubiri nini?"

Jumamosi, 9 Machi
Jibu limekuja. Wenye darubini wameutafuta. Anga tupu. Kitu chenye kasi ile, kila siku inayopita eneo la kukitafuta linapanuka, na sasa ni pana mno. Wangeambiwa Jumanne wangekiona. Kisipoonwa tena hakihesabiki. Kimepotea, si changu wala cha mtu.

Nimejichukia. Ng'wandu amesoma jibu, akatoka kwenda kusahihisha madaftari. Bora angefoka.

Jumapili, 10 Machi
Misa. Mchana Baba Neema amerudi anacheka peke yake mlangoni. Duara limetema. Alijua tangu wiki iliyopita, akanyamaza na magunia yake. Leo kafunua. Mwamba uko palepale alipouacha.

Nimempongeza. Nimempakulia ugali, amekula mpaka ukoko. Hajauliza mbona sili.

Kesho zinakuja picha mpya. Jioni nimepita kwa Ng'wandu, nimemwachia ufunguo.